Wale Tuliowaandika Wamepona

Nilipofika Likoni matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Mwanaisha alikuwa amezikwa siku tisa nyuma, na habari ilinifikia kwa kuchelewa, kama zinavyochelewa siku hizi habari za watu wa umri wetu, kwa sababu waliotujua sote wawili wamebaki wachache. Nyumba ilikuwa ile ile kwa mahali pake tu. Kuta sasa ni za mawe, na paa ni la bati. Msichana mmoja, mjukuu wa ndugu yake, alinitandikia mkeka, akaniamkia, akaniletea kahawa chungu na halua kidogo kwenye kisahani. Kisha akaniuliza kwa adabu, huku jicho lake likiponyokea msalaba wangu shingoni, "Bibi, samahani, wewe na nyanya mlijuana wapi?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja, zamani, kwenye banda la vidonda. "Mwaka mmoja tu?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Pale juu ya mkeka, mbele ya watu, nikanywa kahawa yangu. Jibu lenyewe ni hili ninaloliandika.

Ulikuwa mwaka ambao vita vikuu vya pili vilikuwa vinakaribia kwisha, ingawa sisi wa ng'ambo ya kivuko hatukujua kwamba vinakwisha. Makarani wengi wanaume walikuwa jeshini. Zahanati ndogo iliyokuwa juu ya kivuko, upande wa Likoni, ilikosa mtu wa kuandika, na dakta akakubali kumchukua msichana wa misheni mwenye hati nzuri. Nilikuwa na miaka ishirini. Dakta Furtado alikuwa Mgoa mfupi, mpole, mwenye Kiswahili cha polepole, akitafuta kila neno kama mtu anayechagua mchele. Siku ya kwanza hakuniuliza mengi. Alinipa daftari kubwa lenye jalada jeusi, akanipeleka nyuma ya zahanati kwenye banda la makuti lenye mabenchi mawili marefu, akasema, "Hapa ndipo kazi yako ilipo." Harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Watu walikuwa wamekaa wamenyoosha miguu: wachimbaji wa timbo la mawe, kuli wa bandarini, wakata mkonge, wanawake wawili watatu waliojikata kwa jembe. Wengi walikuwa na donda ndugu, lile linaloanza kama mkwaruzo juu ya kifundo cha mguu na kula nyama mpaka mfupa. Mbele yao, amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, alikuwa mwanamke aliyejifunga leso mbili, buibui lake limetundikwa msumarini, akiuosha mguu wa mzee mmoja na kumwambia, "Nitakuumiza kidogo, baba. Nisamehe." Huyo ndiye Mwanaisha.

Marehemu mumewe alikuwa dresa wa zahanati ile. Alimfundisha mkewe nyumbani, kwa mchezo tu, jinsi ya kuosha kidonda na kukifunga, na alipofariki dakta hakuona mwingine wa kumweka mahali pake. Mwanaisha alikuwa kama wa miaka thelathini na mbili, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo isiyopanda hata akikasirika. Mimi sikuwa na pa kulala. Jioni ile ile aliniambia, "Nina chumba cha uani, kina popo mmoja na kitanda cha kamba. Popo tutamfukuza." Kwa hiyo nikahamia. Kilikuwa chumba kidogo cha udongo kilichopakwa chokaa, chenye dirisha la mbao lisilofungika sawasawa. Ukilala ulisikia kila kitu cha nyumba: kinu, kuku, maji yanayomiminwa mtungini, wanawake wa jirani waliokuja kushona kofia uani na kunijadili kana kwamba ukuta ni wa chuma. "Yule Mkiristo wa Mwanaisha ala nini?" "Ala tulacho." "Na atawadha?" Wakacheka, na Mwanaisha akawaambia kwamba ninaoga kuliko wao. Asubuhi tulikunywa chai ya mdalasini kwa mahamri ya jana aliyoyapasha juu ya makaa. Jioni ilikuwa muhogo wa nazi, au kunde, na ikipatikana samaki basi samaki wa kupaka, ambaye alimgawa kwa mikono yake na kila mara akanipa upande wa tumbo. Mchele ulikuwa adimu mwaka ule. Siku ulipopatikana alipika kwa sufuria iliyofunikwa na makaa juu, na harufu yake ninaisikia hata sasa, katika nyumba hii yangu ambamo sote tumeacha kula wali jioni kwa amri ya daktari.

Siyo kila nililolisikia kupitia ukuta lilikuwa la kuchekesha. Kaka yake Athmani, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa akivuka kutoka kisiwani kila Ijumaa baada ya sala. Alikuwa mtu wa heshima na hakuwahi kunivunjia adabu, lakini nilimsikia akisema, "Mwanaisha, wewe ni binti wa watu. Wapigia magoti wanaume usowajua, washika miguu yao. Watu wasema." Sauti ya Mwanaisha ikasema, "Waambie watu waje wakoshe wao, mimi nitakaa nyumbani." Athmani akasema anamtakia heri tu, kuna mtu mzuri amemposa. Akajibu, "Mwambie mtu huyo n'na kazi." Nilikuwa nimeshika kitana mkononi na sikukitumia mpaka Athmani alipoondoka. Sikuwahi kumsikia mwanamke akisema maneno hayo.

Unga ulikuja miezi miwili baada yangu. Ulikuja katika makopo madogo, mweupe, laini, dawa iliyokuwa ikinyunyizwa kwenye majeraha ya askari, na wakubwa wa kisiwani walimpa dakta makopo machache aone kama unafaa kwa madonda yetu. Ukifaa ungeletwa kwa wingi Likoni, Changamwe na Kisauni. Usipofaa, basi. Dakta akapanga hivi: mgonjwa wa kwanza kufika ataoshwa kwa maji ya chumvi na kupakwa marhamu kama siku zote, wa pili atanyunyiziwa unga, wa tatu chumvi, wa nne unga, bila kumtazama mtu usoni. Mwanaisha hakuupenda mpango huo. "Akija mtu na donda la kutisha na zamu ikawa ya chumvi," alisema, "yeye ana kosa gani?" Dakta akavua miwani. "Hana kosa, Bi Mwanaisha. Lakini tukichagua sisi, tutawapa unga wale tunaowahurumia, na mwisho wa mwaka hatutajua kilichowaponya ni unga ama ni huruma." Mwanaisha akafikiri, akasema, "Haya," na tangu siku hiyo hakuvunja zamu hata mara moja, ingawa nilimwona siku nyingine akifunga bendeji huku amegeuza uso.

Kazi yangu ilikuwa kuandika: jina, anakotoka, siku aliyokuja, chumvi au unga, na kila aliporudi, upana wa kidonda, ambao Mwanaisha aliupima kwa uzi na kunitajia kwa vidole. Mwishoni mwa kila mstari palikuwa na nafasi ya kuandika mwisho wake: amepona, amekatwa mguu, amefariki. Lakini wengi hawakuwa na mwisho. Walikuja wiki tatu, wiki tano, kisha hawakuonekana tena. Karani aliyenitangulia alikuwa na desturi ya kuwaandika wote "amepona", nami nikamfuata. Nilijiambia kwamba mwenye maumivu angerudi, na aliyenyamaza ni mzima. Tena nakiri kwamba nililipenda lile neno. Lilijaza ukurasa vizuri.

Baada ya miezi mitano dakta aliniambia nijumlishe. Nilifanya hesabu siku nzima, na jibu lilikuwa zuri mno. Wa unga walikuwa wamewaacha mbali wa chumvi. Dakta alisoma karatasi yangu mara mbili, akatoka, akarudi na sahani ya ladu, zile tamutamu za mviringo, kutoka kwa mke wake, tukala pale pale bandani na wagonjwa wakala. Kesho yake akaanza kuandika barua kwa wakubwa kuomba unga kwa ng'ambo yote. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu anayedhani ameponya watu kwa kalamu.

Jumamosi ile Mwanaisha alikwenda Kisauni kwenye arusi ya jamaa zake. Alirudi jioni, akavua buibui, akapakua chakula. Tulikuwa tumekula nusu aliponiuliza, "Dori, yule Nzaro wa timboni, yule mrefu alokuwa akituimbia akioshwa kidonda, umemwandikaje?"

"Amepona," nikasema.

"N'nani alokwambia?"

Nikachezea chakula sahanini.

"Leo nimekaa na mwanamke atokaye kwao, Mwakirunge. Asema Nzaro halali. Asema harufu ya guu lake yafika kwa jirani."

Nilimkumbuka Nzaro vizuri. Alikuwa wa unga, miongoni mwa wa mwanzo, na uzi wa Mwanaisha ulikuwa ukipungua kila wiki, vidole vinne, vitatu, viwili, halafu hakuja tena. Niliiweka sahani chini. Mwanaisha aliisukuma irudi kwangu. "Kula," alisema. "Kutokula kwako hakumponyi." Kisha akauliza, "Wangapi wengine umewaandika vile?" Nikamwambia. Aliondoa vyombo, akaviosha mwenyewe, na mimi nikakaa nikisikia maji.

Jumatatu nilikwenda kwa dakta kabla wagonjwa hawajafika, nikamweleza kila kitu. Barua yake ilikuwa mezani, imekamilika, haijatiwa kwenye bahasha. Nilitegemea anifukuze. Aliivuta ile barua, akaitazama, akaiweka chini ya kitabu. Kisha akatoa karatasi ya mirabaraba na penseli. "Kaa," alisema. "Kosa si lako peke yako, mimi nilikula ladu. Sasa tazama." Alichora mstari mmoja mfupi. "Huyu ni mtu. Anaanzia hapa siku aliyokuja kwetu, si Januari wala Machi, siku yake yeye. Wote waanze mahali pamoja. Kidonda kikifunga, weka duara. Akikatwa mguu, weka msalaba. Na yule aliyepotea?"

"Sijui," nikasema.

"Vizuri. Mwache wazi. Mstari unakwisha pale ulipomwona mara ya mwisho, bila duara, bila msalaba." Akachora mingine chini yake. "Wiki ya kwanza unao kumi, vidonda wazi. Wawili wamefunga, mmoja amepotea. Wiki ya pili unao wangapi?"

"Saba."

"Basi wiki ya pili uliza juu ya saba tu. Yule aliyepotea alikusaidia wiki ya kwanza, asante yake. Wiki ya pili huna haki ya kumsemea. Usiseme amepona, usiseme amekufa." Alinionyesha jinsi ya kuchukua sehemu ya vidonda vilivyobaki wazi kila wiki na kuizidisha kwa ya wiki iliyotangulia, mpaka zikatokea ngazi mbili zinazoshuka, moja ya chumvi na moja ya unga. Nilielewa haraka, kwa sababu nilikuwa mzuri wa hesabu, na nikafurahi kwamba kosa langu linaweza kusahihishwa kwa penseli. Yeye akatikisa kichwa. "Bado. Hii ni kweli ikiwa waliopotea ni kama waliobaki. Na kama wamepotea kwa sababu wamezidiwa? Hesabu itanyamaza, haitakwambia." Akafunga daftari, akanikabidhi. "Lazima watafutwe. Barua itangoja."

Wiki sita zilizofuata ndizo ninazozikumbuka nikisema mwaka ule, kana kwamba miezi mingine yote ilikuwa kizingiti chake. Kazi ya bandani ilipokwisha saa saba mchana, na Jumapili nikitoka kanisani, mimi na Mwanaisha tulitoka na daftari lililofungwa kwa leso. Karani mwanamume asingeweza kuingia nusu ya nyumba tulizoingia. Tulikwenda Mtongwe, tukavuka kwenda Changamwe, tukapita daraja la Nyali kwenda Kisauni. Yeye alijua nyumba za Waswahili, nani mjomba wa nani, nani amehamia kwa mke wa pili. Mimi nilijua lugha ya watu wetu wa bara ya karibu, kina Nzaro, na mahali ambapo yeye aliitwa mgeni mimi niliitwa mwana wa nyumbani. Njiani alinicheka viatu vyangu vya kanisani, nikavivua, nikatembea peku. Tulinunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, tukala tumeketi juu ya gogo, na aliniambia mambo ya mumewe ambayo nadhani hakumwambia mtu mwingine: kwamba alikuwa akikoroma, kwamba alikuwa akimsomea usiku majina ya dawa badala ya hadithi, kwamba tangu afe kitu anachokikosa zaidi ni mtu wa kumuuliza, "Leo kulikuwaje?" Nami nilianza kumuuliza kila jioni. Alijibu kila mara kwa urefu, hata siku tulizokuwa pamoja tangu asubuhi.

Mwanamvua wa Mtongwe tulimkuta akitwanga, akainua leso kutuonyesha kovu linalong'aa, safi kabisa. Alikuwa wa chumvi. Nilimwekea duara na karibu nimbusu. Lakini wa unga walikuwa hadithi nyingine. Mmoja baada ya mwingine walitwambia jambo lile lile: maumivu yalikwisha wiki ya tatu, harufu ikakauka, wakarudi kazini kabla ya ngozi kushika, na kidonda kikafunguka upya chini.

Nzaro tulimfikia kwa lori la mawe. Alikuwa amelazwa nje ya nyumba ya mama yake, mguu juu ya gunia, moto wa mavi makavu ya ng'ombe umewashwa kando kufukuza nzi. Alikuwa amekonda hata sikumjua mpaka alipocheka. "Karani," alisema kwa lugha yetu, "umekuja kuniandika tena?" Mwanaisha alipiga magoti bila kusubiri maji, akafungua matambara, na nikaona shavu lake likikaza. Nilimuuliza Nzaro kwa nini hakurudi. Akasema mnyapara alikuwa amewaambia kwamba atakayekosa siku tatu nafasi yake itachukuliwa, na mguu haukuwa unauma. "Dawa yenu iliunyamazisha," alisema. "Nikajua nimepona, nikaukanyagia."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya kichwa. Nilijua ningeweza kuondoka bila kusema. Nikamwambia, "Nzaro, mimi nilikuandika umepona. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kukutafuta."

Mwanaisha alikuwa akipasua kitambaa. Nzaro akasema, "Hata mimi nilijiandika hivyo."

Tulimrudisha kwa lori lile lile, amelala juu ya mawe yaliyofunikwa majani, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Tulimpeleka hospitali ya kisiwani. Wakamkata mguu chini ya goti. Aliishi. Nilimwekea msalaba kwenye karatasi mimi mwenyewe. Wengine hatukuwapata kamwe. Mmoja alipanda meli, mwingine tuliambiwa yuko Vanga, wa tatu hakuna aliyemjua hata kwa jina. Mistari yao niliiacha wazi.

Nilipozichora ngazi upya, ya unga ilishuka haraka wiki za mwanzo, kisha ikasimama. Ya chumvi ilishuka polepole, haikusimama, na mwishowe zilikuwa karibu kugusana. Dakta alizitazama mpaka chai yake ikapoa. Akaichana barua ya kwanza na kuandika nyingine: kwamba unga unatuliza lakini haumponyi mtu anayerudi kuchimba mawe wiki ya tatu, na kwamba kinachotakiwa zaidi ni vitanda na chakula, wagonjwa walale mpaka ngozi ishike. Jibu lilikuja kwa upande mmoja tu. Unga ulisimamishwa, juu ya vitanda hawakusema neno. Wagonjwa waliposikia, walinikasirikia. Nilimsikia mtu mmoja nje ya banda akisema, "Karani ametunyima dawa," na wengine wakaitikia. Jioni nililia chumbani kwangu, na Mwanaisha akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Hukuwanyima," alisema. "Umekataa kuwadanganya. Si mamoja." Wiki iliyofuata alizungumza na watu wa timbo wenyewe, wakajenga kibanda cha makuti ubavuni mwa zahanati, na wanawake wa Likoni wakagawana siku za kuleta chakula. Gunia la kwanza la kunde lilitoka kwa Athmani, kaka yake. Alilituma kwa mchukuzi, bila salamu.

Mwezi wa mwisho wa mwaka karani wa zamani alirudi kutoka jeshini, Bwana Elija, amevaa koti la kijeshi, mtu mwenye adabu aliyeona haya kunikalia kiti. Nilimwonyesha daftari. Alipofika kwenye mistari iliyoachwa wazi aliuliza, "Hawa niwaandikeje?" Nikamwambia awaache hivyo hivyo. Misheni ilikuwa imenipatia kazi ya ualimu huko kwetu bara. Sikuitaka, lakini sikuwa na sababu nyingine ya kukaa Likoni ambayo ningeweza kuitaja kwa sauti. Wiki nzima ile nilingoja Mwanaisha aniambie nikae. Alinishonea gauni, akanipikia wali siku mbili mfululizo ingawa mchele ulikuwa adimu, akanikaangia mkate wa safari. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanifunga mtandio vizuri kichwani, akasema, "Haya, mdogo wangu. Mungu akuweke." Nilijibu, "Amin." Ni hayo tu tuliyosemezana.

Tulikuwa tumesema tutaandikiana, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Mwanaisha alisoma na kuandika vizuri, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa watoto wa watu wake katika chuo cha Kurani. Mimi nilijua za misheni tu. Barua yake ilinifikia baada ya miezi minane. Niliipeleka dukani kwa mzee mmoja Mwarabu aliyeuza chumvi na nguo, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, wanunuzi wakisikiliza. Barua ilianza kwa salamu ndefu. Nzaro anatembea kwa mguu wa mti na amepata kazi ya kusuka makuti. Kibanda kingali kimesimama. Dakta amehamishwa, amelia siku ya kuondoka. Athmani akusalimu. Mzee akaikunja, akanirudishia, nami nikamwomba aniandikie jibu. Mbele ya watu wale wote, na dumu la mafuta ya taa likimiminwa ubavuni mwangu, nilisema: mwambie mimi ni mzima, watoto wa shule ni wazuri, mvua imenyesha. Zikaja barua nyingine mbili tatu, nikazijibu vile vile. Kisha niliolewa, tukahama, zikakoma.

Nilijifunza zile herufi nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wanne. Mke wa mwalimu wa chuo, jirani yetu, alinifundisha, nami nikamfundisha zangu. Nilipoweza kusoma bila kusaidiwa nilitoa barua ya kwanza kutoka chini ya sanduku, mchana, nyumba ikiwa tupu, mdogo amelala. Kila kitu kilikuwa pale kama mzee alivyosoma, Nzaro, kibanda, dakta. Lakini karatasi ilipojaa, Mwanaisha alikuwa ameigeuza na kuandika pembeni, kwa ubavu, kama waandikavyo watu wao nafasi ikiisha. Yule mzee hakuigeuza. Niliigeuza mimi. Aliandika hivi: "Chumba chako sijampa mtu. Ukitaka kurudi, usiulize."

Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja. Nikasema nitakwenda, mwakani, mdogo akiacha kunyonya, na sikwenda. Siku ile nilikaa na karatasi mapajani mpaka watoto waliporudi kutoka shule, wakasimama mlangoni wakiuliza mbona moto haujawashwa.